Mkunga Mmoja, Akina Mama Sita

Kanga ikiloa damu haisemi imebeba kiasi gani. Mkunga wa zamu ya usiku anaitazama, anainama kuchungulia beseni chini ya kitanda, anahesabu pamba zilizotupwa kwenye ndoo, kisha anaandika kwenye faili: mililita 300. Huenda ni kweli 300. Huenda ni 600. Kanga yenyewe ina maua mekundu, na nyekundu juu ya nyekundu haionekani, hasa saa tisa usiku chini ya taa moja. Damu iliyo kwenye beseni imechanganyika na maji ya uzazi, ile iliyonywewa na godoro haihesabiwi kabisa. Watafiti wamelipima jicho la mkunga na la daktari mara nyingi, na jibu ni lilelile: damu ikiwa kidogo jicho huiongeza, ikiwa nyingi huipunguza, wakati mwingine kwa karibu nusu. Yaani linakosea zaidi pale ambapo kosa ni ghali zaidi.

Kwa kawaida mama aliyejifungua akipoteza damu mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24 huhesabiwa kuwa anatokwa na damu nyingi kupita kiasi. Mililita 500 ni chupa moja ndogo ya maji ya kunywa. Mimba inapofikia miezi tisa, mji wa mimba hupitisha damu zaidi ya nusu lita kila dakika ili kumlisha mtoto. Kondo la nyuma likishatoka, misuli ya mji wa mimba inatakiwa kukaza kama ngumi na kuibana mishipa ile. Isipokaza, mama aliyekuwa anatabasamu na kuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume anaweza kuwa hajitambui kabla hata ndugu zake hawajamaliza kupigiana simu za pongezi. Kila mwaka wanawake wapatao milioni 14 duniani hupatwa na tatizo hili. Wengi hupona. Makumi ya maelfu hawaponi, na karibu wote ni wa nchi kama zetu.

Mwezi Mei 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likihusisha wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Liliitwa E-MOTIVE na liliongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa nchi hizo nne. Kifaa chake kikuu kinamshangaza mtu akikiona: shuka la plastiki linalotandikwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka, lenye mfuko uliochongoka kama faneli na mistari ya vipimo pembeni. Damu inashuka yenyewe mfukoni. Ikifika mstari wa 300 mkunga anakaa macho, ikifika 500 hasubiri tena.

Hasubiri, na hapo ndipo kwenye siri yenyewe. Mazoea ya wodi nyingi yalikuwa ni kufanya jambo moja, kungoja, kisha jingine. Unachua tumbo, unatazama. Unachoma oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, unatazama. Unatundika dripu, unamtafuta daktari, na wakati huo damu haimngoji mtu. Katika jaribio hili wakunga walifundishwa kufanya yote kwa mkupuo mmoja, ndani ya dakika 15: kuchua mji wa mimba, kutoa dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu, dripu, kukagua kama kuna mchaniko, na kuita msaada. Hospitali zilizofuata utaratibu huu ziliwagundua akina mama 93 kati ya kila 100 waliokuwa wakivuja damu. Zilizobaki na utaratibu wa zamani ziliwagundua 51. Idadi ya waliofikia hali mbaya, kwa maana ya kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa ili damu izuiwe, au kufa, ilipungua kwa asilimia 60.

Shuka hilo halikuwa geni. Lilikuwa limetumika India miaka mingi kabla, na Ulaya walishajaribu mfuko wa namna hiyo katika nchi 13, matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Haukusaidia. Waliupima ujazo wa damu vizuri kabisa, lakini hakukuwa na makubaliano ya nini kifanyike mstari ukifikiwa, na akina mama waliofikia hali mbaya hawakupungua. Ni kama kununua saa ya ukutani kwa nyumba ambayo hakuna anayelazimika kuamka.

Asidi ya traneksamiki nayo ina kisa chake. Iligunduliwa Japani mwaka 1962 na Utako Okamoto pamoja na mumewe Shosuke. Utako alikuwa akienda maabara na mtoto mgongoni kwa kukosa wa kumwachia. Alitamani dawa yake ijaribiwe kwa wazazi wanaotokwa na damu, lakini jaribio la namna hiyo lilichukua zaidi ya nusu karne kufanyika: wanawake 20,000 katika nchi 21, matokeo yakatoka mwaka 2017. Ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya kujifungua, dawa hiyo hupunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi moja. Utako alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 98.

Basi shuka lipo, dawa ipo, maelekezo yapo. Linabaki swali ambalo kila muuguzi wa wodi ya wazazi huliuliza akirudi kutoka semina: nani atakayelitazama? Mfuko unapaswa kukaguliwa kila dakika 15 katika saa ya kwanza. Mama ni mmoja kwenye karatasi. Wodini ni sita.

Hesabu yake si ya kubahatisha. Mwongozo wa patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu ambayo kila mkunga aliyepita chuoni anaijua, ulikuwa unataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa. Kila nusu saa vilevile mkunga aweke mkono juu ya tumbo la mama na kuhesabu uchungu umekuja mara ngapi ndani ya dakika 10. Akina mama sita, dakika 10 kila mmoja, ni saa nzima. Anatakiwa aimalize ndani ya nusu saa. Bado hajapima presha, hajapima njia, hajabadilisha dripu, hajaitika mlangoni, hajamjibu mama mkwe anayeuliza kwa mara ya nne kama bado. Na mmoja wa sita hao akianza kusukuma, mapigo ya mtoto wake yanatakiwa kusikilizwa kila dakika tano, ambapo wale watano wengine wanabaki na Mungu wao.

Ndiyo maana katika nchi nyingi patografu hujazwa mtoto akiwa ameshazaliwa. Nukta zinapangwa vizuri, mstari unapanda bila kugusa alama ya hatari, faili linapendeza machoni pa mkaguzi. Mtu wa nje ataita jambo hilo udanganyifu, na si kwamba amekosea. Lakini karatasi inayodai dakika 60 ndani ya dakika 30 imeanza yenyewe kusema uongo kabla kalamu haijaigusa.

Patografu haikuzaliwa hivyo. Robert Philpott aliichora mistari yake miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, alipokuwa akifanya kazi katika mji ambao leo unaitwa Harare, na maandishi yake yalitoka mwaka 1972. Alikuwa akiwafikiria wakunga wa vituo vya mbali, peke yao, usiku, wanaojiuliza kama mama huyu wamngoje au wamtafutie usafiri. Kilikuwa chombo cha mtu aliye peke yake. Miaka ilivyopita kikaongezwa hiki na kile, hadi kikawa cha mtu mwenye wasaidizi watatu.

Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kulifanyika jambo la kinyume. Mwaka 2014 na 2015 timu ya madaktari na wakunga wa pale, wakishirikiana na watafiti wa Denmark, walitazama jinsi kazi inavyokwenda kweli. Mhudumu mmoja alikuwa na wajawazito watatu hadi sita walio kwenye uchungu kwa wakati mmoja. Kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, 59 walikuwa wamekwishakufa. Badala ya kuwabandikia wahudumu ukutani mwongozo wa kimataifa uliopo, walikaa nao na kuuliza: kwa watu mliopo na vifaa mlivyonavyo, kipi kinawezekana, na kipi kikiachwa kinaua? Kikatoka kijitabu cha mfukoni kilichopewa jina la PartoMa. Mafunzo yake yalikuwa mafupi, ya kurudiwa kila baada ya miezi michache, na watu walihudhuria kwa hiari yao baada ya saa za kazi. Ndani ya muda usiozidi miaka miwili watoto waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila 1,000. Wafanyakazi hawakuongezwa kwa kiasi cha maana. Kilichobadilika ni maelekezo, ambayo kwa mara ya kwanza yaliandikwa na watu wanaoijua wodi.

Wapo waliolalamika kwamba kufanya hivyo ni kushusha viwango. Hoja hiyo ina uzito, maana mtoto wa Unguja hastahili kusikilizwa moyo mara chache kuliko wa Copenhagen. Ila kiwango kisichofikiwa na yeyote hakimsikilizi mtoto hata mara moja.

Msongamano wenyewe una sababu ambayo tungeweza kuifurahia. Tanzania mwaka 2015 na 2016, wanawake 63 katika kila 100 walijifungulia kwenye vituo vya huduma. Ilipofika 2022 walikuwa 81. Katika kipindi hichohicho makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104. Akina mama walikuwa wamehubiriwa miaka na miaka kuhusu hatari za kuzalia nyumbani, wakasikia, wakaja. Mpango wa m-mama nao umewaondolea wengi shida ya usafiri: mama au mhudumu wa zahanati anapiga 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa halipatikani anatumwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, analipwa kwa simu. Yote haya yamefikisha watu mlangoni. Mlango ukishafunguka, vitanda ni vilevile, na aliye zamu ni yuleyule.

Wakati huohuo mitaani wapo wauguzi waliohitimu, wenye leseni, wanaouza vocha. Ni hali inayojulikana Tanzania na Kenya pia: wodi haina watu, na watu hawana ajira, kwa sababu kati yao kuna bajeti ya mishahara. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma kuanzia mwezi Juni hadi Novemba, karibu siku 150, wakitaka makubaliano ya mishahara na marupurupu yatekelezwe, huku serikali kuu na kaunti, ambazo zilikabidhiwa afya baada ya Katiba mpya, zikitupiana mpira. Miaka minne baadaye nchi hiyo ilitia saini mkataba na Uingereza wa kuwapeleka huko wauguzi wasio na kazi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba dunia inapungukiwa na wauguzi wapatao milioni 5.8, na Uingereza wakati ule haikuwa nyuma katika kuwatafuta.

Lakini hata mikono iliyopo haitoshi kuwepo tu. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu mkoani Manyara, ilijifunza hilo kwa namna isiyosahaulika. Mtoto mmoja katika kila kumi hivi huzaliwa akihitaji kusaidiwa kuanza kupumua. Wengi wao hupumua wakikaushwa na kusuguliwa mgongo. Wachache wanahitaji kupulizwa hewa kwa kinyago na mfuko wa mkono, na hilo lifanyike ndani ya dakika ya kwanza, ile ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu. Haydom waliwapa wahudumu wao mafunzo ya siku moja kwa kutumia mdoli. Siku ile ilipoisha, kila mtu alikuwa hodari. Miezi ikapita, wakapimwa tena kwenye mdoli, bado walikuwa wazuri kuliko kabla. Watafiti wakaenda leba, wakaangalia watoto wa kweli. Hakuna kilichobadilika. Mikono iliyojua darasani ilikuwa ikisita kitandani.

Hapo wengi wangeandika ripoti kwamba wafanyakazi wanahitaji mafunzo zaidi, wakaomba fedha za ukumbi na posho. Haydom walimleta mdoli leba. Wakamweka pale watu wanapopita, na kila wiki mhudumu akipata nafasi anasimama dakika tatu hadi tano, anamkausha, anamsugua, anaweka kinyago, anabana mfuko, anatazama kifua kama kinapanda. Kisha anarudi kazini. Hakuna posho wala cheti. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11 hadi 7 kwa kila 1,000 waliozaliwa. Matokeo hayo, yaliyoandikwa na Estomih Mduma na wenzake, yalichapishwa mwaka 2015.

Kutoka hapo mambo yalikua. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2023 utaratibu huo ulipelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Safari hii kulikuwa na vifaa vipya pia, kikiwemo kipimo cha mapigo ya moyo wa mtoto kinachofungwa tumboni kwa mkanda, kwa jina Moyo, ambacho humsikiliza mtoto mfululizo hata mkunga akiwa kitanda kingine. Rudi kwenye ile hesabu ya dakika 60 ndani ya dakika 30 na utaona kwa nini kifaa hicho kilipendwa. Kila kituo kilizitazama takwimu zake chenyewe na kuchagua cha kufanyia mazoezi wiki hiyo. Benjamin Kamala na wenzake walipotoa hesabu mwaka 2025, iliyohusu akina mama wapatao 280,000, vifo vya watoto siku ya kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 40. Vifo vya akina mama vilikuwa vimepungua kwa robo tatu.

Takwimu hizi hazigusi jambo moja ambalo ukimuuliza mwanamke yeyote kuhusu kujifungua ndilo atakaloanza nalo: alivyosemeshwa. Mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, mradi ulioitwa Staha uliwauliza akina mama wakiwa wanatoka hospitali kama waligombezwa, walipigwa, walivuliwa mbele za watu au waliachwa peke yao. Wapatao 19 katika kila 100 walisema ndiyo. Wiki kadhaa baadaye wakafuatwa majumbani na kuulizwa maswali yaleyale. Sasa walikuwa 28. Mtu akiwa bado mlangoni mwa hospitali, na mtoto wake mchanga bado atarudi hapo kuchanjwa, huchunga maneno yake.

Wauguzi huudhika wakisikia habari hizi, na baadhi yao hujitetea kwamba mama asipofokewa hasukumi. Utetezi huo ni dhaifu. Ila kilichofanyika Tanga baada ya hapo kinafaa kutazamwa. Katika hospitali moja ya wilaya, wahudumu na wanajamii waliandika pamoja ahadi ya namna mama atakavyotendewa, na wafanyakazi wenyewe wakachagua mabadiliko: mapazia kati ya vitanda, ubao unaotangaza dawa na vifaa vilivyokwisha ili mama asidhani amefichwa, na chai kwa walio zamu. Ndiyo, chai. Uwezekano wa mama kudhalilishwa ulipungua kwa theluthi mbili ukilinganisha na hospitali nyingine ambayo haikubadilisha kitu.

Bado kuna jokofu. Oksitosini inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na ikishinda kwenye kabati la zahanati inapoteza nguvu kimyakimya bila kubadilika rangi. Mkunga anaichoma kwa wakati, kwa kipimo sahihi, na mji wa mimba haukazi. Jioni ataandika kwamba dawa ilitolewa. Ipo dawa nyingine, karbetosini isiyoharibiwa na joto, iliyojaribiwa kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, na kuonekana kuzuia damu sawa na oksitosini iliyotunzwa vizuri. Kuifikisha kijijini kunategemea manunuzi, na manunuzi yana zamu zake ndefu kuliko za wodi.

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mipya: kama presha au mapigo ya moyo wa mama yameanza kuyumba, hatua zichukuliwe damu ikifika mililita 300, isingojewe ifike 500, na damu ipimwe kwa shuka lenye vipimo. Mahali ambapo shuka hilo lipo, mkunga wa saa tisa usiku hahitaji kuikisia kanga.

Mahali ambapo halipo, mjamzito anayehudhuria kliniki mwezi wa saba hupewa bado ile orodha ya kawaida, sera ya huduma bure kwa wajawazito ikiwa imebandikwa ukutani juu ya kichwa cha anayemsomea: glavu, nyembe, pamba, kamba ya kufungia kitovu, mpira wa kulalia, beseni, kanga nne au tano. Akiuliza kanga zote hizo ni za nini, anaambiwa mbili za mtoto, zilizobaki za damu.